Kampuni inabana matumizi, mwenye kampuni ni tajiri: wafanyakazi wanadai nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwenye kampuni ana mabilioni. Kwa nini asitoe mfukoni mwake badala ya kutupunguza?

Kwa sababu anayewaajiri ni kampuni, siyo yeye. Msingi huu uliwekwa Uingereza mwaka 1896 katika kesi ya Salomon. Mfanyabiashara wa viatu alikuwa na hisa 20,001 kati ya 20,007 za kampuni yake, na zile sita zilizobaki zilikuwa za mke na watoto wake. Kampuni ilipoanguka, wadai walitaka alipe mwenyewe. Mahakama ya juu ikakataa: kampuni ni mtu wake, na mwenye hisa ni mtu mwingine. Nchi nyingi zimefuata msimamo huo hadi leo.

Kwa hiyo hoja ya "ana nyumba tano na ndege" haikufikishi mbali mbele ya mahakama ya kazi. Maswali yanayokufikisha mbali ni mawili: je, stahiki hii tayari ni yangu? Na je, mwenye kampuni alitoa pesa ndani ya kampuni akijua haitaweza kutulipa? Majibu mengi yaliyo hapa chini yanazunguka maswali hayo.

Basi utajiri wake hauna maana yoyote kisheria?

Una maana, ila katika matukio maalumu. Kuna nchi zilizoamua kwamba katika suala la mishahara, ukuta kati ya kampuni na mwenyewe una mlango. Nchini Kanada, sheria ya kampuni ya shirikisho inawabana wakurugenzi binafsi kwa mishahara isiyolipwa ya hadi miezi sita. Katika jimbo la New York, wanahisa kumi wakubwa wa kampuni isiyouzwa kwenye soko la hisa wanaweza kudaiwa mishahara ya wafanyakazi kwa majina yao, ila mfanyakazi lazima awape taarifa ya maandishi ndani ya siku 180 tangu aache kazi. Wengi hupoteza haki hiyo kwa kutojua kwamba saa ilikuwa inahesabu.

Kwingineko, mlango hufunguka pale kampuni na mwenyewe wanapokuwa kitu kimoja kwa vitendo: akaunti moja ya benki, gari la familia linalolipiwa na kampuni, mali iliyohamishwa kwa bei ya kutupa miezi michache kabla ya kufilisika, au biashara iliyoendelea kukopa wakati wakuu wake wanajua haiwezi kulipa. Kuthibitisha hayo kunahitaji nyaraka, na nyaraka mara nyingi ziko kwa mhasibu. Ndiyo maana mashauri ya namna hii huendeshwa na mfilisi (anayesimamia mali za kampuni iliyofilisika) au chama cha wafanyakazi kuliko na mtu mmoja mmoja.

Stahiki zipi haziguswi, na zipi kampuni inaweza kuzikata?

Zigawe mara tatu.

Kwanza, ulichokwisha kukifanyia kazi: mshahara wa siku zilizopita, saa za ziada, likizo uliyoikusanya, kamisheni ya mauzo yaliyokamilika, michango ya pensheni ya miezi iliyopita. Hii ni pesa yako iliyo mikononi mwa mwajiri. Hali ngumu ya biashara haiifuti, ingawa inaweza kuichelewesha.

Pili, ulichoahidiwa: kilichoandikwa kwenye mkataba wako, kwenye mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri), au kwenye sheria. Kampuni haiwezi kukibadilisha peke yake. Inahitaji ridhaa yako, au ya chama, au ifuate utaratibu wa sheria wa kuwapunguza.

Tatu, hisani: bonasi ambayo mkataba unasema "kwa uamuzi wa uongozi", chakula cha mchana, usafiri, zawadi ya mwisho wa mwaka. Hapa kampuni ina uhuru mkubwa. Lakini jambo lililofanywa kwa miaka mingi, kwa watu wote na kwa kipimo kilekile, katika nchi nyingi linaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mkataba hata kama halikuandikwa. Hati za malipo za zamani ndizo ushahidi wako, kwa hiyo usizitupe.

Kosa la kawaida la wafanyakazi ni kupigania fungu la tatu kwa kelele na kusahau la kwanza. Kosa la kawaida la waajiri ni kuliita la pili "hisani" na kutarajia kwamba hakuna atakayefungua mkataba.

Kampuni inasema tufunge mkanda, lakini imelipa gawio. Ni halali?

Mara nyingi ni halali, ilimradi gawio, yaani mgawo wa faida kwa wenye hisa, limetoka kwenye faida iliyopatikana kweli. Gawio lililolipwa bila faida hiyo linaweza kurudishwa kwa amri ya mahakama. Kwa maoni yetu lakini, uhalali siyo kipimo pekee hapa. Mwenye hisa amekubali kuwa wa mwisho kwenye foleni, na ndiyo sababu anabaki na faida yote pakinoga. Akichukua gawio mwezi uleule anaofuta bima ya afya ya wafanyakazi, amejisogeza mbele ya foleni na hasara kawaachia waliokuwa nyuma yake. Hapo ndipo utajiri wake unapoingia kwenye mazungumzo kwa haki kabisa.

Ukitaka kujua hali halisi, usiishie kwenye mstari wa faida. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, sehemu ya ugharamiaji (pesa za mikopo na za wenye hisa), utafute gawio lililolipwa na hisa ambazo kampuni imezinunua yenyewe. Kisha soma maelezo ya chini kuhusu miamala na watu wenye uhusiano na kampuni. Kwenye kampuni za familia, pesa hutoka kimyakimya kwa njia tatu: ada ya usimamizi kwa kampuni mama, kodi ya jengo ambalo mwenye kampuni analimiliki binafsi, na riba ya mkopo alioipa kampuni yake mwenyewe. Kampuni inaweza kuonyesha hasara mwaka mzima huku mwenyewe akiwa amelipwa kila mwezi. Ukiona kodi ya jengo imepanda mwaka wa kubana matumizi, uliza.

Wanasema utajiri wake ni hisa tu, siyo pesa taslimu. Hoja hiyo ina uzito?

Ina ukweli nusu. Kuuza hisa nyingi kwa mkupuo hushusha bei yake, na thamani ya karatasi hubadilika kila siku. Lakini matajiri wakubwa huweka hisa rehani na kukopa bila kuziuza. Na katika mambo mengi yanayobishaniwa, kiasi kinachotajwa ni kidogo mno ukilinganisha na hisa hizo.

Mfano unaojulikana ni Whole Foods, maduka ya vyakula ya Marekani. Amazon iliinunua mwaka 2017 kwa dola bilioni 13.7. Mwaka 2019 ikatangaza kwamba wafanyakazi wa saa chache, wapatao 1,900, wangeondolewa kwenye bima ya matibabu kuanzia Januari 2020. Hakuna aliyedai kwamba kampuni ilikuwa karibu kufa. Sheria haikuvunjwa pia, na hilo ndilo linalowachanganya watu: wanatafuta kosa la kisheria mahali ambapo kuna uchaguzi tu.

Tumeombwa tukubali kukatwa mshahara kwa muda ili watu wasipunguzwe. Tusaini?

Mara nyingi ni dili nzuri kuliko kupoteza kazi, lakini siyo kama barua ilivyoletwa. Hakikisha imeandikwa mambo haya kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Tarehe ya mwisho. "Hadi hali itakapotengamaa" siyo tarehe. Weka miezi mitatu au sita, na mshahara wa zamani urudi wenyewe bila barua nyingine.

Msingi wa hesabu. Huu ndio mtego unaoumiza kuliko yote. Mtu anakubali kukatwa asilimia 20, miezi minne baadaye anapunguzwa, kisha kiinua mgongo chake cha miaka yote kinahesabiwa kwa mshahara uliokatwa. Sentensi moja inatosha kuuzuia: "Malipo yoyote ya kuachishwa kazi, pensheni na likizo yatahesabiwa kwa mshahara wa kabla ya punguzo."

Saa za kazi. Ukikatwa asilimia 20 ya mshahara, siku moja kati ya tano iwe yako. Vinginevyo mmepunguzwa bei tu.

Na nani mwingine anakatwa? Ombeni kwamba gawio na bonasi za wakuu zisimame kwa muda uleule. Mwajiri mwenye nia njema hakatai kuliandika hilo, na akikataa mtakuwa mmepata taarifa muhimu.

Ulizeni pia kama serikali ina mpango wa kufidia saa zilizopunguzwa. Ujerumani kwa kawaida hurudisha asilimia 60 ya mshahara halisi (baada ya makato) uliopotea, au 67 kwa mwenye mtoto.

Kiinua mgongo kinahesabiwaje?

Kwanza tafuta kiwango cha nchi na cha mkataba wako, kilicho kikubwa ndicho chako. Viwango vya sheria vinatofautiana sana. Kenya ni angalau malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa wanaopunguzwa. Tanzania ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Afrika Kusini ni wiki moja kwa mwaka. Uhispania ni siku 20 kwa mwaka, kikomo miezi 12. Marekani, sheria ya shirikisho hailazimishi kiinua mgongo kabisa, kwa hiyo huko kila kitu kiko kwenye mkataba na sera ya kampuni.

Tuchukue mfanyakazi wa mshahara 1,560 kwa mwezi, siku 26 za kazi, aliyefanya miaka 7 na miezi 8, ana siku 11 za likizo ambazo hakuzitumia, amefanya kazi siku 12 za mwezi wa mwisho, na mkataba wake unampa siku 15 za kazi kwa mwaka. Siku moja ya kazi ni 1,560 gawanya kwa 26, yaani 60. Kiinua mgongo: miaka 7 mara siku 15 ni siku 105, sawa na 6,300. Mwezi mmoja badala ya notisi ni 1,560. Likizo ni 660. Siku 12 za mwisho ni 720. Jumla 9,240.

Sasa idara ikigawanya kwa 30, siku inakuwa 52. Kiinua mgongo kinashuka hadi 5,460, likizo 572, siku za mwisho 624, na jumla ni 8,216. Amepoteza 1,024 bila mtu yeyote kumwambia uongo. Kanuni ni hii: siku za kazi zigawanywe kwa siku za kazi, siku za kalenda kwa siku za kalenda. Kuchanganya ndiko kunakozaa pengo.

Angalia mengine mawili. Je, ni mshahara wa msingi au mshahara ghafi pamoja na posho? Na ile miezi 8: sheria nyingi zinahesabu miaka iliyokamilika tu, lakini mikataba mingine hutoa sehemu ya mwaka. Kama umepangiwa kuondoka wiki tatu kabla ya kutimiza mwaka wa 8, omba tarehe isogezwe. Ni ombi dogo linalokubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Wanaweza kutupunguza leo na tusirudi kesho?

Kwa kundi kubwa, nchi nyingi zinakataa. Uingereza, kampuni inayotaka kupunguza watu 20 au zaidi ndani ya siku 90 lazima ianze mashauriano angalau siku 30 kabla, na ni siku 45 wakifika 100. Marekani, mwajiri wa watu 100 na kuendelea kwa kawaida hutakiwa kutoa notisi ya siku 60, kwa sheria ya mwaka 1988. Asipotoa, anaweza kudaiwa mshahara na mafao ya siku alizoziruka.

Baadhi ya waajiri hupiga hesabu na kuona kuvunja sheria ni rahisi kuliko kuifuata. Machi 2022, kampuni ya meli ya Uingereza P&O Ferries iliwaachisha mabaharia karibu 800 bila mashauriano, na mkuu wake aliiambia kamati ya Bunge la Uingereza kwamba walijua sheria inataka mashauriano na wakaamua kutofanya. Adhabu isiyouma hugeuka bei. Kwa hiyo ukiitwa kwenye kikao cha ghafla, usisaini chochote siku hiyohiyo.

Bima ya afya inaisha lini?

Soma mkataba wa bima wenyewe, siyo barua ya kuachishwa. Nyingine huisha siku ya mwisho ya kazi saa sita usiku, nyingine mwisho wa mwezi uliolipiwa, na tofauti hiyo inaweza kuwa wiki tatu. Mwenye mjamzito au matibabu yanayoendelea nyumbani kwake aweke hili juu ya orodha kuliko hata kiasi cha fedha. Kampuni hulipa bima kwa bei ya kundi, kwa hiyo mwezi mmoja wa nyongeza unawagharimu wao kidogo na kukuokoa wewe mengi. Marekani mtu aliyeachishwa na kampuni ya watu 20 au zaidi anaweza kuendelea na bima ya kundi kwa kawaida hadi miezi 18, ila analipa mchango wote mwenyewe.

Tumegundua michango ya pensheni imekatwa lakini haikupelekwa.

Hili siyo suala la kubana matumizi. Pesa iliyokatwa kwenye mshahara wako ni yako, na katika nchi nyingi kutoipeleka ni kosa la jinai ambalo wakurugenzi huweza kulijibu binafsi. Chukua taarifa ya michango kutoka kwenye mfuko, ilinganishe mwezi kwa mwezi na hati za malipo, kisha peleka malalamiko kwenye mfuko wenyewe. Mfuko una nguvu za kudai ambazo wewe huna. Fanya hivyo kampuni ikiwa bado hai.

Historia ya mali za pensheni ni chungu. Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, alipofariki mwaka 1991 ilibainika kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yamechotwa kutoka mifuko ya pensheni ya kampuni zake. Mwaka 2015 tajiri Philip Green aliyauza maduka ya BHS ya Uingereza kwa pauni moja, na mwaka uliofuata ikaanguka na ajira zipatazo 11,000, ikiacha pengo kubwa la pensheni. Mwaka 2017 alikubali kulipa hadi pauni milioni 363. Hakulipa kwa huruma tu: msimamizi wa pensheni alikuwa na mamlaka ya kisheria ya kumfuata mmiliki wa zamani, na bunge na magazeti hayakumwacha apumue. Palipo na sheria ya namna hiyo, utajiri wa mwenye kampuni unafikika.

Mimi ni wa mkataba wa muda au wa saa chache. Haya yananihusu?

Fungu la kwanza linakuhusu bila mjadala. Fungu la pili linategemea. Mkataba ukivunjwa kabla ya tarehe yake, mara nyingi unadai miezi iliyobaki au sehemu yake. Mkataba uliofikia tarehe kwa kawaida huisha bila kiinua mgongo, isipokuwa umekuwa ukirudiwa mara nyingi kiasi cha kukupa matarajio halali. Na anayeitwa "mkandarasi" huku anapangiwa saa, anatumia vifaa vya kampuni na hana mteja mwingine, ana hoja nzuri kwamba ni mfanyakazi.

Kampuni ikifilisika kabisa?

Wenye dhamana, hasa mabenki, huchukua kwanza mali iliyowekwa rehani. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mishahara ipewe kipaumbele, lakini kipaumbele hicho kwa kawaida kina kikomo cha kiasi au miezi, na hakisaidii kama mali yote iko rehani. Baadhi ya nchi zina mfuko wa dhamana: Ujerumani hulipa mshahara halisi wa hadi miezi mitatu. Jaza fomu ya madai kwa mfilisi mapema, ukitenganisha mshahara, likizo, notisi na kiinua mgongo. Dai lililoandikwa kama kiasi kimoja hurudishwa au huangukia kundi la chini.

Wakati mwingine shinikizo hufanya kazi ambayo sheria haikuifanya. Toys R Us, wauzaji wa vitu vya kuchezea vya watoto, ilipofunga maduka yake Marekani mwaka 2018, wafanyakazi wapatao 33,000 waliondoka bila kiinua mgongo. Waliandamana mbele ya waliokuwa wamiliki, na kampuni mbili za uwekezaji, KKR na Bain, zikatenga dola milioni 20. Ukigawanya kwa vichwa ni kidogo, hata elfu moja haifiki kwa mtu, lakini hakuna mahakama iliyokuwa imewalazimisha kutoa hata hizo.

Kuna wenye kampuni waliofanya vizuri?

Wapo. Mei 2020 Airbnb, kampuni ya kukodisha makazi mtandaoni, ilipunguza watu wapatao 1,900, robo ya wafanyakazi wake. Kwa walioko Marekani ilitoa wiki 14 za mshahara, na wiki moja zaidi kwa kila mwaka wa kazi, pamoja na bima ya afya ya miezi 12. Barry-Wehmiller, kampuni ya mashine ya Marekani, mwaka 2009 haikumpunguza mtu: kila mmoja, mkuu akiwemo, alichukua wiki nne bila malipo.

Mwenye kiwanda cha vitambaa cha Malden Mills huko Marekani, Aaron Feuerstein, ndiye anayetajwa kuliko wote. Kiwanda kiliungua Desemba 1995, naye akaendelea kuwalipa wafanyakazi kwa miezi michache wakati kinajengwa upya. Mwaka 2001 kampuni iliingia kwenye ulinzi wa ufilisi, yaani ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikiwa na deni zito la ujenzi. Wengine humtumia kama onyo dhidi ya ukarimu. Sisi tunaona mishahara ile haikuwa mzigo mkubwa kuliko mashine na majengo yaliyokopewa. Anachotufundisha wenye kampuni ni kutenga akiba ya kiinua mgongo mwaka wa faida. Miezi mitatu ya mishahara iliyofungiwa kwenye akaunti tofauti inafaa kuliko moyo mzuri usio na salio.

Nimewekewa karatasi ya kusaini ili nilipwe. Nifanye nini?

Soma aya yenye maneno "malipo ya mwisho na kamili". Ukisaini hapo, kwa kawaida umefuta madai mengine yote, hata usiyoyajua. Omba siku saba. Omba mchanganuo wa kila kipengele, siku ngapi mara kiasi gani. Fungu la kwanza halipaswi kuwekewa masharti, kwa hiyo omba lilipwe sasa na ubishi ubaki kwenye nyongeza. Ukilazimika kupokea huku hukubaliani, andika juu ya sahihi yako "nimepokea bila kuacha haki ya kudai zaidi", na upige picha karatasi.

Kisha angalia kalenda. Ujerumani una wiki tatu za kupinga kuachishwa kazi mahakamani. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Muda huo haukusubiri umalize mazungumzo na ofisi, hata kama kila wiki wanakuambia hundi iko mezani kwa mkurugenzi.